Jiografia inaishia wapi na sifa inaanzia wapi tunapoieleza Nyanda za Juu Kusini?

Katibu_Rungwe ameuliza:

Habari za majukumu, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha utalii wa kijamii wilayani Rungwe. Tumekubaliana kuandaa kijitabu cha kurasa chache cha kuwaeleza wageni, pamoja na wanafunzi wa shule zetu, eneo letu lilivyo na watu wake walivyo. Kazi ya kuandika rasimu niliachiwa mimi, na mpaka sasa imekwama kwenye sentensi moja: "Rungwe ni wilaya ya kijani na yenye baridi mwaka mzima, na wakazi wake ni wakarimu, wachapakazi na wenye msimamo mkali."

Nusu ya kwanza wanakikundi waliipitisha bila neno. Nusu ya pili ilikula kikao kizima. Wazee wawili walitaka maneno "wenye msimamo mkali" yafutwe, kwa kuwa wanayaona ni namna ya kistaarabu ya kurudia yale tunayosemwa nayo huko Dar es Salaam, kwamba Mnyakyusa ni mkaidi na mpenda ugomvi. Kijana mmoja akajibu kwamba hilo likifutwa basi na "wakarimu" lifutwe, maana hakuna wilaya iliyowahi kuandika kuwa watu wake ni wachoyo. Kisha mama mmoja, ambaye huwa hasemi sana vikaoni, akauliza ni nani aliyetuambia kwamba sisi ni wachapakazi, na tulipimwa na nani.

Swali lake limenikaa kichwani. Nimepitia maelezo mengi yaliyokwisha kuandikwa kuhusu Mbeya, Iringa na Njombe, nikaona karibu yote yanafuata njia ileile: yanaanza na mlima, mvua na udongo, na kabla aya haijaisha yameshafika kwenye tabia za watu, kana kwamba tabia imeota kwenye udongo huohuo. Kwa upande mwingine, sitaki kuandika kijitabu cha vipimo vya mvua ambacho hakuna atakayekisoma. Naomba kujua kwenu, hasa mliowahi kuandika au kufundisha mambo haya: tunaruhusiwa kusema nini kuhusu watu tunapoeleza mahali?

Mwalimu_Mstaafu_Iringa amejibu:

Katibu, mimi ningeanza kuikagua hiyo nusu ya kwanza mliyoipitisha bila neno, kwa sababu sifa hujificha vizuri zaidi pale ambapo kila mtu anadhani anasoma jiografia.

Panda basi pale Uyole uelekee Kyela. Huko Isongole utakuta viazi mviringo na abiria waliofunga makoti hadi shingoni. Ukishuka hadi Tukuyu utaona migomba na chai, na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Endelea kushuka mpaka Kyela, ambako ardhi ipo kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, utakuta kakao, michikichi, mpunga na joto la kulala bila shuka. Safari yote hiyo ni ya saa chache, na yote ipo ndani ya Mkoa wa Mbeya. Ndani ya wilaya yako mwenyewe kuna kilele cha Mlima Rungwe chenye mita zipatazo 2,960, na kuna vijiji vya chini vinavyokaribia joto la Kyela. Chunya ni kukavu, kunalimwa tumbaku na kuchimbwa dhahabu. Usangu ni uwanda ambao maisha yake yanategemea maji yanayoteremka kutoka milimani. Anayesema "Mbeya ni baridi" anaeleza alichokiona aliposhuka stendi mwezi Julai.

Sasa nije kwa watu. Nyanda zetu zimekuwa na sifa tofauti kwa nyakati tofauti, ilhali milima ni ileile. Wakati wa Waingereza, Njombe na maeneo jirani yalijulikana kama mahali pa kuchukulia vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuandikisha vibarua kilichoitwa SILABU, na Wabena, Wakinga na Wapangwa walipelekwa kwa malori. Wanyakyusa wengi nao walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na ya dhahabu Afrika Kusini. Katika maandishi ya wakati ule sisi ni nchi ya mbali isiyo na kitu cha kuuza isipokuwa nguvu za wanaume wake.

Miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Barabara kuu ya Zambia iliwekwa lami, reli ya Tazara yenye kilomita 1,860 ikajengwa kati ya 1970 na 1975, na Serikali ikaanza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hivyo mkulima wa Mbozi au Songea hakukatwa gharama ya umbali. Mbolea nayo ilipatikana kwa bei nafuu. Haukupita muda mrefu Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikaanza kuitwa ghala la taifa, na vitabu vya shule vikaandika kwamba hiyo ni kwa sababu ya udongo wenye rutuba na wakulima hodari. Udongo huo na wakulima hao walikuwapo tangu zamani, walipokuwa wakiitwa vibarua. Kilichobadilika ni barabara na bei.

Kwa sisi wa Iringa, mfano unaoniuma ni wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, jeshi la mtawala wao Mkwawa liliteketeza sehemu kubwa ya kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. Kalenga, ngome yake, ilianguka Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana porini mpaka alipojiua mwezi Julai 1898 badala ya kukamatwa. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudishwa mwaka 1954. Watu waliokuwa na dola, na waliochagua kuilinda dhidi ya wavamizi, wakaja kuandikwa na Wazungu kuwa ni kabila la vita kwa maumbile, na leo hii kwenye mabasi na kwenye vichekesho uamuzi ule wa kisiasa umegeuzwa kuwa hasira za Mhehe na kujinyonga kwa Mhehe. Wasangu wa mtawala Merere, majirani zetu wa bondeni, walishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa kwa sababu zao wenyewe, na sijawahi kusikia mtu akisema kwamba ni tambarare ya Usangu iliyowafanya wachague hivyo. Milima huitwa kutoa ushahidi pale tu msemaji anapoihitaji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: eleza watu kwa wanachofanya na kwa tarehe walipoanza kukifanya. "Wachapakazi" haimwelezi mtu yeyote. "Wanawake wa kata fulani huchuma chai kuanzia alfajiri na jioni hurudi kulima migomba" kunamweleza mtu.

Mfanyabiashara_Mwanjelwa amejibu:

Shikamoo, Mwalimu. Nimekusoma kwa heshima zote, ila naomba nisimame upande wa pili kidogo, kwa sababu sifa ya mahali ndiyo inayonilisha.

Mimi nauza mchele. Ukienda masoko ya Dar es Salaam utakuta kibao kimechomekwa juu ya rundo la mchele kimeandikwa "Kyela", na kilo yake inazidi bei ya rundo la jirani. Wanaojua biashara hii wanajua kwamba Kyela ni wilaya ndogo, na mchele mwingi wa mkoa wetu unatoka Mbarali, kwenye skimu kubwa za Usangu kama Kapunga na Madibira. Mchele wote unaouzwa mjini kwa jina la Kyela ukikusanywa pamoja, mashamba ya Kyela hayawezi kuwa yaliutoa. Mwingine umetoka Morogoro, mwingine Shinyanga, na mwingine ni mchanganyiko uliofanyiwa ghalani kisha gunia likaandikwa kwa rangi ya buluu. Mteja anaunusa, anasoma kibao, anaridhika.

Hata hivyo sifa yenyewe ina msingi. Mchele wa Kyela unanukia kweli, na mkulima aliyechagua mbegu ile ya asili akaitunza kwa vizazi anastahili jina lake. Anayeumia ni mkulima wa Mbarali, ambaye anauza mchele mzuri bila jina, na mkulima wa Kyela, ambaye jina lake linauzwa na watu wasiomfahamu. Ndiyo maana, Katibu, sikushauri ufute sifa zote. Ukinyamaza, wengine watakuandikia za kwao. Andika ndizi zenu, chai yenu na parachichi zenu kwa majina ya vijiji zinakotoka, ili sifa ikija imkute mwenyewe.

Mzaliwa_wa_Makete amejibu:

Nashukuru kwa mada hii. Mimi ni mwanamke wa Kikinga, nimezaliwa Makete na naishi Dar es Salaam, na ningependa kusema kwamba sifa nzuri nayo inaweza kumfunga mtu.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama wa mtaani kwetu, tangazo huja karibu kila wiki: "Natafuta dada wa kazi, awe wa Iringa." Anayetangaza anaamini anataja mahali. Ukimuuliza, atakwambia wasichana wa Iringa ni wapole, hawana mambo mengi na hawachoki. Sasa tazameni ramani. Wengi wa wasichana hao wanatoka Njombe, Makete, Ludewa na Wanging'ombe, maeneo ambayo tangu 2012 ni Mkoa wa Njombe. Kwa mwajiri, mkoa haujagawanyika, kwa sababu "Iringa" kwake ni jina la bidhaa, kama mchele ule wa kaka wa Mwanjelwa. Na upole anaousifia ni wa binti wa miaka kumi na kitu aliyeko mbali na mama yake, asiyejua njia ya kurudi stendi, ambaye mshahara wake unapokelewa na mtu mwingine. Mweke mtoto wa kabila lolote katika hali hiyo, atakuwa mpole. Sifa hiyo imekuwa sababu ya kumlipa kidogo, kwa kuwa inasemekana watu wa kwao wamezoea shida na baridi. Mwalimu ametaja SILABU na malori. Mimi naona mabasi ya siku hizi yanapita njia ileile, isipokuwa sasa wanaochukuliwa ni mabinti.

Upande wa wanaume wa Kikinga sifa ni nyingine. Wanajulikana kwa maduka, kuanzia Mbeya na Makambako hadi Kariakoo, na mtu akishindwa kueleza utajiri wao husema kuna dawa. Natamani anayesema hivyo afike Makete wakati wa mvua. Miteremko ni mikali, mashamba ni vipande vidogo, mazao makuu ni viazi, ngano na miti, na barabara zilikuwa mbaya kwa miaka mingi. Kijana aliyetaka maisha ilimbidi atoke. Aliyetoka alianza kwa kubeba mzigo wa mjomba wake, akalala dukani, akakopeshwa mtaji na ndugu, na yeye akaja kumchukua mwingine. Utaratibu huo unaonekana kwa macho, na ni kazi ngumu ya pamoja. Kuuita uchawi ni kuwanyima watu haki ya jasho lao, na katika nchi ambayo watu wameuawa kwa imani kama hizo, maneno hayo ni ya hatari.

Katibu, msiandike "wapole". Msiandike "wakali" pia. Yule mama aliyeuliza mlipimwa na nani, mrudishieni swali lake kwa kila neno mtakaloliandika, na kama jibu ni mwajiri, au mkoloni, au abiria aliyepita, neno hilo liondolewe.

Muuguzi_Njombe amejibu:

Naongeza la afya kwa ufupi, kwa sababu hapa ndipo maelezo mabaya hugharimu uhai.

Mwalimu ametaja ghala la taifa. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mikoa inayolisha wengine ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa. Nikiwaeleza wazazi kliniki, wengi hushangaa, kwa kuwa wamekua wakisikia kwamba kwetu hakuna njaa. Ni kweli gunia la mahindi lipo. Lakini mtoto anakula uji mweupe na ugali siku nzima, maziwa, mayai na maharage yanapelekwa sokoni, na mama yupo shambani tangu asubuhi huku mtoto akilishwa na dada yake wa miaka saba. Sifa ya shibe imetufanya tusitazame kilicho kwenye sahani.

La pili ni VVU. Utafiti wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, na kitaifa 4.4. Maelezo ya mtaani ni ya tabia: watu wa huko hawajatulia, na eti baridi inawafanya walale mapema. Nimeyasikia hata kutoka kwa watu waliosoma. Wanaoyasema hawataji barabara kuu na malori yanayolala Makambako na Mafinga, wala vibarua wa mashamba ya chai na misitu wanaokaa mbali na wenza wao, wala kwamba wanaume wengi wa huku hawakuwa na desturi ya tohara, ambayo hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa, jambo lililosababisha kampeni ya tohara ya kitabibu kuelekezwa kwetu kuanzia karibu mwaka 2010. Hizi ni sababu ambazo mtu anaweza kuzifanyia kazi. Ukimwambia mgonjwa kwamba tatizo ni asili ya kabila lake, umemwachia nini cha kufanya? Atajificha tu, na dawa zitabaki dirishani.

Mwongoza_wageni_Kiwira amejibu:

Naomba nitoe mfano mmoja kutoka msitu wa Rungwe, kwa sababu unahusu ni nani anayeaminiwa anapoeleza.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani wa mlimani aitwaye kipunji. Watafiti walipowasikia walikuwa na shaka kama ni mnyama kweli au ni kiumbe cha hadithi, kwa kuwa watu wa huku wanajulikana kwa simulizi nyingi za mizimu na za misitu. Mwaka 2003 wakamwona wenyewe, mwaka 2005 dunia ikatangaziwa, na mwaka 2006 wataalamu wakasema anastahili jenasi yake peke yake, wakaiita Rungwecebus. Sifa yetu ya kusimulia hadithi ilichelewesha ukweli tuliokuwa tukiusema. Vilevile uwanda wa Kitulo uliandikwa kwenye ramani za wakoloni kwa jina la Elton, msafiri Mwingereza aliyepita huko miaka ya 1870, wakati wenyeji walikuwa na jina lao na walikuwa wakiuita pia Bustani ya Mungu, kwa maua yake. Ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, sababu kuu ilikuwa maua hayohayo. Wageni ninaowapandisha huko hupenda zaidi kusikia wenyeji walivyoeleza kuliko urefu wa mlima, ingawa urefu nao huuliza.

Katibu_Rungwe amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na asanteni wote, kaka zangu na dada zangu. Nimepeleka majibu yenu kwa wanakikundi na tumeifuta sentensi yote, pamoja na ile nusu ambayo hatukuwa tumeigombania. Badala yake tumeandika hivi:

"Wilaya ya Rungwe inapanda kutoka vijiji vya joto vinavyopakana na Kyela hadi kilele cha Mlima Rungwe chenye mita zipatazo 2,960, hivyo mgeni aje na koti na aje pia na shati jepesi. Sehemu za juu hulima viazi, za kati chai, ndizi na parachichi. Wamoraviani walijenga misheni Rungwe mwaka 1891, na shule zilizofuata zilitoa walimu na makarani waliofanya kazi sehemu nyingi za nchi. Wanaume wengi wa vizazi vilivyopita walifanya kazi migodini Zambia na Afrika Kusini."

Limebaki jambo moja ambalo hatujaafikiana. Wazee wanataka tuseme kwamba Mnyakyusa humpokea mgeni kwa chakula, na wanasema hiyo ni desturi iliyo wazi, haiwezi kuitwa sifa ya kujipachika. Vijana wanaona tunarudi kulekule kwenye "wakarimu". Mwalimu, unasemaje?

Mwalimu_Mstaafu_Iringa amejibu:

Marahaba, Katibu. Wazee wana haki, mradi desturi iandikwe kama desturi. Andikeni ni chakula gani huletwa, nani hukileta, mgeni anategemewa afanye nini akikipokea, na kama anaruhusiwa kukataa. Mgeni akishayasoma hayo atajua la kufanya akifika mlangoni, na kama watu ni wakarimu ataliona mwenyewe.

Kuhusu aya yenu mpya nina sahihisho moja tu. Mmetaja wanaume waliokwenda migodini, lakini hamkusema ni nani aliyebaki akilima mashamba yale kwa miaka yote hiyo. Waongezeni wanawake kabla hamjakipeleka kijitabu kuchapishwa, na yule mama aliyeuliza swali kikaoni ndiye mngempa aiandike sentensi hiyo.